Namna ya Kukagua Vidonge vya Watu Bila Kufukuzwa: Mwongozo kwa Mhudumu wa Afya wa Kanisa, Didia

Kama unatafuta kazi ya kujitolea isiyo na sare, isiyo na posho ya maana, na ambayo mtu wa kwanza kukupokea ni mbwa wa mwenye nyumba, njoo Didia ujiandikishe kuwa mhudumu wa afya wa kanisa. Kazi yenyewe inaelezeka kwa pumzi moja. Unakwenda nyumbani kwa muumini mwenzako, unaomba kuona dawa zake, unahakikisha anazimeza kama alivyoelekezwa, unaaga. Tatizo liko kwenye kuomba kuona. Mtu wa huku atakuonyesha ng'ombe wake, majaluba yake ya mpunga, hata kaburi la babu yake. Mfuko wa dawa hauonyeshwi hivi hivi.

Kwa hiyo tuanze na mlango. Fika asubuhi kabla jua halijakali, au jioni watu wakisharudi shamba. Ukifika saa nne asubuhi mwezi wa Desemba, mvua zimenyesha na watu wanapanda, utawakuta kuku peke yao. Piga hodi, subiri. Salimu kwa salamu ya wenyewe, "Mwangaluka, mayu," na kama wewe ni mdogo kwa umri, piga goti hata kama una cheti cha semina. Kisha usiseme chochote kuhusu dawa. Uliza mvua, uliza ng'ombe, uliza yule kijana aliyekwenda Kahama. Mwalimu wa semina alikuambia utumie nusu saa kwa kila kaya. Msamehe, hakuwahi kuingia kwenye mji wa Msukuma. Nusu saa ndiyo salamu.

Ukiletewa chakula, kula. Nalisema hili kwa uzito wote. Sahani ya michembe na karanga itakueleza mambo ambayo mgonjwa hatayasema. Utajua anakula mara ngapi na anakula nini, na kuna dawa zinazotegemea hilo. Dawa mseto ya malaria, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwishoni mwa 2006, huingia vizuri mwilini ikimezwa na chakula chenye mafuta kidogo. Karanga zinafaa, maziwa yanafaa. Anayeimeza kwa maji matupu kwa kuwa homa imemkata hamu ya kula anapoteza sehemu ya nguvu ya dawa. Sasa unalo la kumwambia, na unalisema mkiwa mnatafuna wote, kwa hiyo halina sura ya mahubiri.

Swali la "Unameza dawa vizuri?" lifute kabisa kichwani. Jibu lake ni "Ndiyo" tangu ukoloni. Uliza hivi: "Jana usiku ulimeza saa ngapi? Ulimeza ukiwa umekula nini? Zimebaki ngapi?" Halafu omba mzigo wote uletwe mbele yenu: za hospitali, za dukani, za jirani, za mtoto aliyekwisha kupona, za mizizi, za ng'ombe. Zimwageni kwenye ungo, mkae mnazitazama.

Huko Marekani, mwaka 1984, mchungaji wa Kilutheri aitwaye Granger Westberg alianzisha kule Illinois utaratibu wa wauguzi kuhudumu ndani ya sharika, na huduma za namna hiyo huwaomba waumini waje na dawa zao zote kwenye mfuko wa kaki ili zikaguliwe kwa pamoja. Wazo ni zuri na lichukuliwe. Mfuko wetu ulikuwa wa rambo mpaka serikali ilipoupiga marufuku Juni 1, 2019. Siku hizi utaletewa kipande cha kitenge kilichofungwa fundo, au kopo la maziwa ya unga, au kikapu kilichokuwa kimening'inia juu chini ya bati. Hapo juu chini ya bati, saa nane mchana, Shinyanga! Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na bati la Didia halijasoma pakiti. Hamisha kikapu kikae mahali penye kivuli, penye ubaridi, mbali na mikono ya watoto. Kama kuna mwenye kisukari anayechoma insulini na hana jokofu, mwonyeshe ule ujuzi wa vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Insulini ikae humo ndani ikiwa kwenye chombo chake kikavu, na mchanga ulowekwe kila siku.

Sasa tazama ungo. Hapa ndipo palipo na kazi, kwa hiyo usikimbie.

Utaona kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi, vidonge vinne, hakina jina wala tarehe. Mwenye duka alikata jina likabaki kwenye kipande cha mteja mwingine. Uliza ni vya nini. Utaambiwa, "Vya mgongo." Mara nyingi ni diklofenaki, na mara nyingi mwenye mgongo huo ana presha, na diklofenaki haielewani na presha, wala na figo, wala na tumbo tupu. Pembeni yake kuna dawa ya mafua na dawa ya kichwa, zenye rangi tofauti na majina tofauti, na zote mbili zina parasetamo ndani. Mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 za parasetamo kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Anayechanganya majina anavuka huo mpaka huku akiamini anajitunza, na ini ndilo linalolipa.

Utaona kapsuli za antibiotiki za rangi mbili. Hizi huku kwetu ni mali ya ukoo. Mmoja alipewa kwa kikohozi, akapata nafuu siku ya tatu, zilizobaki akamrithisha shemeji mwenye tumbo, na mbili za mwisho zilifunguliwa, unga wake ukamwagwa kwenye kidonda cha mtoto. Usicheke na usifoke. Kaa na huyo mama mtazame kidonda pamoja. Mwambie unga wa kapsuli umetengenezwa kupita tumboni, kwamba juu ya kidonda haufanyi kazi iliyokusudiwa na unaweza kumwasha mtoto, na kwamba kidonda kinaoshwa kwa maji safi na sabuni, kinafunikwa kwa kitambaa safi, na kikitoa usaha au mtoto akipata homa anapelekwa zahanati. Halafu rudi kwenye dozi iliyokatishwa. Vijidudu vilivyoponyoka mwilini mwa mtu mmoja vinahamia kwa mwingine vikiwa vimeshaizoea dawa, na kwenye familia ya watu kumi na wawili wanaolala nyumba mbili, havihitaji nauli.

Mseto nao una hadithi yake. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, dozi ya pili baada ya muda wa saa nane, kisha asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe. Siku ya pili homa inashuka. Mgonjwa anaamka, anaomba ugali, na vidonge vinane vinawekwa akiba kwa ajili ya mtoto atakayeugua msimu ujao. Nia ni njema kabisa, ni nia ileile inayowafanya watu wa huku waweke mtama ghalani. Lakini vimelea vilivyobaki kwenye damu vitarudi, na mtoto huyo atahitaji kipimo kwanza, kisha dozi ya uzito wake. Mwambie mama hivi: "Vimalize vyote. Mtoto akiugua, mimi mwenyewe nitakusindikiza zahanati." Ukishasema, usindikize kweli.

Huku ni nchi ya ng'ombe, basi maziwa nayo yaongelewe. Mseto unayapenda. Tetrasaiklini, doksisaiklini na siprofloksasini haziyataki, kwa sababu madini ya kalsiamu yaliyomo huishika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Mzee anayemeza siprofloksasini kwa kikombe cha maziwa ya mgando anaitupa dawa kwa adabu.

Na kwenye ungo huohuo, ukiwa umeagiza vizuri, zitakuwepo za ng'ombe. Chupa ya oksitetrasaiklini ya sindano, ivermektini ya minyoo ya mifugo. Kuna wanaojichoma hizo wenyewe, kwa hoja kwamba kilichomponya dume la kilo 300 hakiwezi kushindwa na mtu. Kipimo cha dume ni cha dume. Ziondoke kwenye kikapu cha watu, zikae zizini au stoo. Ziondoke pia dawa za pamba zilizohamishiwa kwenye chupa ya soda, na kwa nyumba zenye wachimbaji wa dhahabu, kile kichupa cha zebaki. Mtoto mwenye kiu hasomi. Kama ziara yako nzima haikufanikisha lolote isipokuwa kuitoa chupa ya soda yenye sumu chini ya kitanda, umefanya kazi ya kutosha kwa siku hiyo.

Dawa za mizizi uzifikie mwisho, na uzifikie kwa heshima. Mgonjwa wako amekwenda kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, kabla ya kwenda zahanati, na pengine atarudi huko. Ukimzomea, safari ijayo ataficha, na utakuwa umepoteza habari uliyoihitaji. Uliza anakunywa nini, mara ngapi, tangu lini. Andika kwenye daftari, na hiyo karatasi iende naye kwa daktari, maana miti mingine ina nguvu ya kweli, na nguvu ya kweli hugongana na dawa nyingine.

Upo mzigo mwingine ambao hautaletwa kwenye ungo hata kidogo. Ni dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, yaani ARV. Kopo la vidonge hivyo lina tabia ya kulia likitikiswa, na sauti yake inajulikana kijiji kizima. Kwa hiyo wenyewe huvimimina kwenye kitambaa au kwenye chupa nyingine, na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu hutupwa kwa kudhaniwa ni chumvi. Vidonge vinalowa. Ukiaminiwa ukaonyeshwa, mfundishe kuvibakiza kwenye kopo lake na kujazia pamba safi juu ili lisilie. Kidonge cha TLD, mojawapo ya dawa hizo, ni kimoja kwa siku, saa ileile. Mtu akiwa na kiungulia akatafuna dawa za tumbo zenye magneziamu au alumini, TLD imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake, vinginevyo inazuiwa kuingia mwilini. Kama ana pia kifua kikuu, dawa yake ya rifampisini hudhoofisha TLD, na daktari humwongezea dozi. Rifampisini hiyohiyo hupunguza nguvu za vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Kwenye nyumba za Kikatoliki jambo hili husemwa kwa sauti ndogo. Liseme kwa sauti ndogo, ila liseme. Mwambie pia mgonjwa mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya machungwa na hiyo ni kawaida. Wapo walioacha dawa wiki ya kwanza kwa kuogopa mkojo wao wenyewe, na matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita.

Didia iko kwenye ukanda ambao vijana hawatulii. Dhahabu ikisikika Mwakitolyo wanakwenda, ikisikika Nyarugusu au Rwamagasa kule Geita wanakwenda. Wanavuta vumbi la mwamba mashimoni, na vumbi hilo huliandaa pafu kupokea kifua kikuu. Kijana anaondoka na dawa za mwezi mmoja kwa safari ya miezi minne. Kijana akikuaga, uliza habari za vidonge kabla ya kumtakia baraka. Mwenye hali iliyotulia anaweza kupewa dawa za ARV za miezi mitatu au hata sita, na akihama apewe barua ya uhamisho aendelee huko aliko. Aombe mapema, siyo asubuhi ya basi.

Jimbo Katoliki la Shinyanga lina uzoefu wa kufikisha dawa hizi za ARV. Likishirikiana na shirika la Italia la Madaktari na Afrika CUAMM, liliendesha mpango wa kupima na kuanzisha dawa bila kuchelewa kupitia vituo vyake vya Bugisi na Ngokolo, na Mwamapalala na Songambele upande wa Simiyu. Walianzisha pia vikundi vya kuchukulia dawa karibu na nyumbani, ili mtu asipoteze siku nzima ya shamba kwa ajili ya kopo moja. Ndugu zetu wa kanisa la AICT wana hospitali yao ya Kolandoto tangu enzi za wamisionari. Kwa hiyo makanisa ya huku hayajaanza leo kushika vidonge. Pengo ninaloliona mimi liko kati ya dirisha la dawa na mdomo wa mgonjwa, kilomita kadhaa za vumbi ambazo daktari hazioni. Mwanajumuiya anazipita kila wiki akienda kusali. Serikali nayo Januari 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye mafunzo rasmi na posho. Wapo wachache bado ukilinganisha na vitongoji. Mtafute aliye karibu nawe, mgawane nyumba, msigombane.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kanisani kwenyewe. Mwaka 2011 nusu ya nchi, na majirani zetu pia, walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa za ARV, za kisukari na za presha baada ya kikombe kile, na wapo waliokufa kwa kuziacha. Mwasapile mwenyewe alifariki 2021, lakini sauti ya namna ile haijafa. Bado kuna mikesha ambako mtu anaambiwa kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Mhudumu wa afya akisikia hivyo asinyamaze kwa kuogopa madhabahu. Amfuate mchungaji baadaye, faraghani, akiwa na mzee mmoja wa kanisa, amkumbushe kwamba Luka alikuwa tabibu na hakuna aliyemtenga. Kuombewa na kumeza vinakaa siku moja. Anayetaka kuthibitisha kuponywa apime hospitali, na daktari ndiye amwondolee dawa.

Mfungo nao. Mama mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi akafunga kavu siku tatu, sukari inaweza kushuka mpaka azimie, na watu wakadhani ameshukiwa na Roho. Mfungo utangazwe pamoja na neno moja tu: wenye kisukari, wajawazito na walio kwenye dozi wamwone daktari kwanza.

Na maombi ya hadhara. "Tumwombee dada yetu wa jumuiya ya pili, mnajua hali yake." Hapana! Hatujui, na hatupaswi kujua. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na utu ulitangulia sheria. Uliyoyaona kwenye ungo yaishe kwenye ungo. Usimsimulie mkeo, usimsimulie katekista, usiyatumie kama mfano kwenye semina ukidhani hakuna atakayemtambua. Didia nzima watamtambua kwa rangi ya kitenge ulichokitaja.

Kuhusu udaktari wako: huna. Usipunguze dozi, usiongeze, usimwambie mtu aache, usiuze kidonge, usishike sindano, usimkatie mtu kidonge cha presha cha kuyeyuka taratibu kwa sababu kikikatwa kinaachia dawa yote kwa mkupuo. Ukiona vipele vinavyoambatana na vidonda mdomoni kwa mtu aliyeanza Septrin, macho ya njano kwa mtu wa dawa za kifua kikuu, au mdomo na ulimi vikivimba kwa mtu yeyote, acha maongezi, tafuta bodaboda, na vidonge vyote viende naye. Watumishi wa kituo ndio watakaojaza fomu ya njano ya mamlaka ya dawa, TMDA, ya kuripoti madhara. Kwa mambo madogo, mwelekeze kwenye duka la dawa muhimu lenye kibali cha Baraza la Famasi. Mpango wa maduka hayo ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili vijijini pawepo na muuzaji aliyefundishwa. Na amwombe huyo muuzaji aandike kwenye bahasha jina la dawa, ni ya nini, na tarehe ya kuisha.

Kila mwisho wa ziara, uliza kuhusu pesa, kwa upole, mkiwa mmesimama. Mtu anayemeza kidonge cha presha siku moja moja, ukimuuliza vizuri, atakuambia anakigawa ili kifike mwisho wa mwezi, au anakigawana na mumewe. Hili halitibiwi kwa elimu. Linahitaji kadi ya bima, mfuko wa jumuiya, au debe la mpunga kutoka kwa mwenye nacho.

Ninyi mapadri, wachungaji na wazee wa makanisa ya Didia na Tinde, mpaka Geita huko: Jumapili hii tangazeni mambo matatu baada ya ibada. Asiwepo wa kuacha dawa kwa neno la mhubiri. Kila nyumba ihamishe vidonge kutoka kwenye bati na sumu kutoka kwenye chupa za soda. Na wahudumu wenu wa afya walipwe angalau nauli ya baiskeli na daftari, kwa sababu hata Jumatatu yenye mvua wao wanakwenda.